Usiandike "Mbezi" tu: ninavyoandika tangazo la nyumba na kiwanja

Mwaka 2014 nilikuwa na kibanda cha kutolea pesa Mbezi Mwisho, Dar es Salaam. Watu wakija kutoa hela wananiuliza kama najua chumba kinachopangishwa, nami nikaanza kuwaelekeza, mwishowe udalali ukawa unalipa kuliko kibanda. Tangazo langu la kwanza niliandika kwenye kipande cha boksi kwa kalamu nyekundu: NYUMBA INAPANGISHWA MBEZI, VYUMBA VIWILI, YA KISASA, DAKIKA 5 TOKA BARABARANI, BEI POA. Nikalipiga picha, nikalirusha kwenye kundi la WhatsApp.

Mama mmoja akapiga, tukapatana Jumamosi saa nne asubuhi. Saa nne na nusu simu ikaita, sauti imepanda: "Nimesimama hapa Afrikana nusu saa, wewe uko wapi?" Mimi nipo Mbezi Mwisho, Barabara ya Morogoro. Yeye yupo Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo. Alinifikia saa saba kasoro, baada ya daladala mbili na foleni ya Ubungo, mtoto mgongoni. Tukaanza kushuka kwenda kwenye nyumba, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba zile dakika tano zangu zilikuwa za bodaboda. Tulitembea dakika ishirini na tano. Alipofika getini hakuingia hata ndani. Akaniambia, "Dada, ungeandika vizuri ningekaa zangu nyumbani nikafua."

Neno hilo nililala nalo. Hakunikatalia nyumba, maana hakuiona. Aliyemkosesha ni mimi na boksi langu.

Kwa hiyo nikikuelekeza namna ya kuandika tangazo, jambo ninalokuambia ni moja tu, mengine yote yanatoka humo: tangazo ni chekecheo. Simu arobaini kwa siku hazinisaidii kitu kama thelathini na nane zinauliza "iko wapi" na "maji yapo?" Nataka simu tano, kila mmoja akiwa ameshajua mabaya ya nyumba na bado anaitaka.

Anza na mahali, tena kwa njia ya kufika

Dar es Salaam majina yanajirudia. Mbezi Beach na Mbezi ya Kimara ni dunia mbili, kwa kodi na kwa nauli. Jina la mtaa liandamane na jina la barabara kuu, na ikibidi andika kabisa "sio Mbezi Beach". Kisha taja kituo ambacho hata kondakta mgeni anakijua: Kimara Mwisho, Suka, Temboni, Stendi ya Magufuli. Kutoka hapo eleza anafikaje.

Dakika usiziandike peke yake. Dakika za nini? Za mguu, za boda, za gari saa sita usiku? Mimi njia huwa naitembea mwenyewe mara moja, tena na ndala, kwa sababu mpangaji akitumwa mkate jioni atakwenda na ndala. Natazama saa nikitoka kituoni, natazama tena nikigusa geti. Kama ni mbali natumia kipimo kisichobishaniwa, yaani nauli. "Boda kutoka Mbezi Mwisho 2,000" kila mtu anaelewa huko ni wapi.

Halafu kuna "gari inafika". Maneno mawili, ugomvi mwaka mzima. Inafika Januari. Aprili, masika ikiwa imekolea, je? Nilimpangishia kijana mwenye Vitz nyumba ya Makabe kwa maneno hayohayo, na mvua ya kwanza kubwa ikamkuta gari limelala kwenye tope mita mia kutoka kwake. Alinipigia saa mbili usiku, sikuwa na la kujibu. Sasa naandika: "Gari inafika getini. Masika, kipande cha mwisho kina tope, gari ndogo huachwa juu kwa jirani." Wenye gari ndogo wengine wanaacha kupiga simu, nami nimeokoa miguu yangu.

Vyumba

Hapa maneno yapo tayari mtaani, kazi yako ni kutoyachanganya. "Chumba kimoja" ni chumba, choo mnachangia nje. "Masta" ni chumba chenye choo na bafu ndani. "Chumba na sebule masta" mpangaji anajua choo ni chake. "Vyumba viwili, kimoja masta" maana yake kuna choo kingine cha wageni na watoto, basi kitaje. Nimeshaona tangazo la "vyumba vitatu masta" mteja akadhani vyote vitatu vina vyoo, kumbe ni kimoja. Namba na neno masta ziwekwe kwa uangalifu.

Kuna mteja mmoja alitoka Kenya kikazi akaniuliza bedsita. Nikamwonyesha chumba na sebule, akashangaa. Alichotaka ni chumba kimoja chenye choo na kijijiko humohumo. Akaniuliza tena kama kuna "ploti" nzuri jirani, nikampeleka kwenye kiwanja kitupu. Kwao ploti inaweza kuwa jengo la vyumba vya kupangisha. Tulicheka, lakini nauli ilikuwa imekwisha kwenda. Ukiwa na wateja wa kutoka nje ya mji wako, andika kitu chenyewe: "chumba kimoja, ndani kina choo, bafu na sehemu ya kupikia."

"Chumba kikubwa" usiandike. Kikubwa kwa nani? Pima kwa kitanda. "Kinaingia kitanda cha sita kwa sita na kabati la milango mitatu, na unabaki na njia." Kama kinaingia cha nne kwa sita tu, sema. Anayelala peke yake atakuja.

Neno jingine linalogombanisha ni "nyumba nzima". Wengine wanaandika hivyo kumbe ni upande mmoja wa nyumba, ukuta mmoja na jirani, au ni nyumba tatu ndani ya fensi moja. Hesabu milango: "Fensi moja, wapangaji wengine wawili." Na usisahau mstari ambao wapangaji wanautafuta kabla ya vigae na jipsamu: mwenye nyumba anakaa humo au hakai? "Mwenye nyumba haishi hapo" imenipangishia nyumba nyingi kuliko picha yoyote. Na kama anaishi humo, andika pia. Kuna wanaopenda, hasa akina dada wanaokaa peke yao, kwa sababu ya usalama.

Umeme: "luku yako" au "luku ya kuchangia wapangaji watatu". Maji: "maji yapo" ni uongo wa adabu. Ya Dawasa, yaani ya bomba la mamlaka ya maji, yanatoka siku ngapi kwa wiki? Simtanki lita ngapi, la kwako au la wote? Kama ni kisima, maji ni baridi au ya chumvi? Maji ya chumvi mtu anaogea, lakini chai atanunulia maji ya dukani, na hiyo ni hela yake ya kila siku. Ana haki ya kuijua kabla hajapanda basi.

Maneno ya kutupa

"Ya kisasa." Nimeliandika neno hili kwa nyumba zenye jipsamu, zisizo na jipsamu, na mara moja kwa nyumba yenye madirisha ya nondo na wavu uliotoboka. Halina maana tena. Badala yake taja vitu: vigae chini, madirisha ya aluminiamu yenye grili, makabati ya jikoni, feni sebuleni. Msomaji mwenyewe ataamua kama ni kisasa.

"Eneo tulivu." Kuna nyumba Temboni ina baa mlango wa nne. Mwenye nyumba aliniomba nisiitaje. Nikaitaja: "Baa ipo jirani, Ijumaa na Jumamosi muziki unasikika." Kijana aliyeichukua alinipigia kwa sababu ya mstari huo. Alikuwa anafanya kazi usiku wikiendi, mchana analala, na baa mchana imefungwa.

"Wahi mapema", "usikose", "bei chee", "bei ya kutupa": yafute yote. Bei ya kutupa humfanya mnunuzi mwenye akili ajiulize kwa nini inatupwa. Na "mwenye nyumba ana shida, anauza haraka" siliandiki kamwe, hata mwenyewe akinituma. Kwanza ni kumwanika mtu shida zake barabarani. Pili, mnunuzi akijua una shida, milioni arobaini yako inageuka ishirini na tano kabla hajashuka kwenye gari.

Mwenye nyumba anapokuambia asiyemtaka

"Andika bachela hapana." "Andika wasiwe na watoto." Wapo wanaotaja hadi kabila na dini. Kabila na dini siandiki, na nikiona mtu ameng'ang'ania namwachia funguo zake. Mengine huwa namuuliza anachoogopa. Mara nyingi ni jambo la nyumba, siyo la mtu. Baba mmoja alikataa watoto, kumbe ngazi ya kupanda juu haina kinga pembeni. Tukaandika: "Ghorofa ya kwanza, ngazi ya nje haina kinga." Akina mama wenye watoto wadogo wakajitoa wenyewe bila kutukanwa. Mwingine alichukia mabachela kwa ajili ya kelele. Tukaandika: "Fensi ina familia mbili, muziki mwisho saa nne usiku." Aliyekuja kupanga alikuwa bachela, mpole kuliko mwenye nyumba.

Viwanja, ambako neno moja linakula milioni

Kwenye nyumba ya kupanga neno baya linakula nauli. Kwenye kiwanja linakula akiba ya miaka kumi, kwa hiyo hapa nenda polepole.

Ukubwa kwanza. Viwanja vingi visivyopimwa vinauzwa kwa hatua: ishirini kwa ishirini. Mnunuzi anasikia mita, anapiga hesabu 400. Hatua yangu mimi ni kama sentimita 80. Hatua ishirini ni mita 16, na 16 kwa 16 ni mita za mraba 256. Mnunuzi amepoteza zaidi ya theluthi bila mtu kumdanganya kwa mdomo. Nenda na futikamba, andika mita za kila upande, maana viwanja vyetu vingi si mraba: "mbele 18, nyuma 15, kushoto 22, kulia 21." Kwa mashamba hali ni hiyohiyo. Ekari ni karibu mita za mraba 4,047, mtaani inaitwa hatua 70 kwa 70, na hatua hizo zinategemea miguu ya aliyetumwa kupima.

Pili, "kimepimwa". Neno hili lina ngazi, na watu wanaruka ngazi makusudi. Kuna kiwanja kilicho ndani ya mchoro wa mipango miji tu. Kuna ambacho upimaji unaendelea. Kuna kilichopimwa, bikoni (alama za mipaka) zipo ardhini na namba ya kiwanja ipo. Kuna chenye hati mkononi. Andika ngazi kilipo sasa, siyo kinapoelekea. Kama ni karatasi tu ya kuuziana iliyoshuhudiwa ofisi ya mtaa, andika "mauziano ya serikali ya mtaa". Leseni ya makazi nayo ni leseni ya makazi, usiipandishe cheo kuwa hati. Mtu anayetaka mkopo wa benki atajua mara moja kama kinamfaa.

Na ukisema hati, usiongeze chumvi. Niliwahi kuona "hati ya milele". Hapa Tanzania ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na hati inakupa haki ya kumiliki kwa miaka 33, 66 au 99. Andika hati ni ya miaka mingapi na imebaki mingapi. "Hati safi" nayo ina maana moja tu yenye faida: haipo benki kama dhamana, haina zuio. Kama hujafanya upekuzi, yaani kuangalia kumbukumbu za hati ofisi ya ardhi, usiandike safi. Andika "hati ipo, upekuzi unaruhusiwa", na mwenye nyumba akikataa upekuzi, wewe acha kulitangaza hilo eneo.

Tatu, mahali kilipo. Sisi wa Barabara ya Morogoro, "kinaangalia lami" lilikuwa neno la dhahabu. Mwaka 2017 nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilibomolewa kupisha upanuzi kuanzia Kimara, na kipimo cha huku kilikuwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Kibanda changu kilikuwa humo. Tangu hapo mnunuzi akisoma "kinaangalia lami" swali lake la kwanza ni "kipo nje ya hifadhi?" Mjibu kabla hajauliza, ukiwa umethibitisha. Hivyohivyo kwa "kando ya mto, upepo mwanana" na "hatua chache toka baharini": Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto au ufukwe. Upepo ni kweli mwanana, ila hapajengwi.

Mteremko usiuite "mandhari". Goba na Kimara ni vilima, kila mtu anajua. "Kimeinama kuelekea nyuma, upande wa chini msingi utakula kozi sita zaidi" (kozi ni mstari wa matofali) ni sentensi ambayo fundi wa mnunuzi ataithibitisha, na wewe utaaminika kwa mengine yote.

Pagale vilevile. "Nyumba haijaisha kidogo" inaficha milioni kumi. Sema imefika wapi: msingi, lenta, imepauliwa, imeezekwa, plasta ya ndani tayari, milango bado.

Na kabla hujaandika lolote, uliza nani anasaini. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenza, kwa hiyo "mke na mume wote wapo tayari kusaini" ni mstari wa kuweka kwenye tangazo. Kama ni mali ya marehemu, "inauzwa na msimamizi wa mirathi, barua ya mahakama ipo". Usiandike "inauzwa na mjane". Hilo linawaita mafisi.

Bei

Andika. "Njoo inboksi" inawafukuza walio makini na kuwaleta wenye muda. Andika kwa shilingi, maana tangu 2025 kanuni zimekataza kutangaza na kulipa bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, na bado naona matangazo ya Masaki yana dola. "Maongezi yapo" liandike tu kama kweli yapo. Kama mwenye mali hashuki hata laki, "bei haipungui" ni heshima kwa wote. Kwa kodi, taja miezi: "280,000 kwa mwezi, kuanzia miezi sita." Na taja hela yako dalali. Ukificha, mteja ataikuta siku ya mkataba na atakuona mwizi hata kama ulimtafutia pepo.

Picha nitasema machache: zisioneshe namba ya luku, sura za watoto, wala hati yenyewe. Na usiandike "nyumba ipo tupu", wezi nao wana simu.

Nyumba ileile ya 2014 ilirudi mikononi mwangu miaka mitano baadaye. Niliiandika hivi:

"INAPANGISHWA. Mbezi Makabe, Barabara ya Morogoro (sio Mbezi Beach). Boda kutoka Mbezi Mwisho 2,000, kwa mguu dakika 25. Gari inafika getini, masika tope mita mia za mwisho. Vyumba viwili, kimoja masta, kinaingia kitanda cha sita kwa sita. Cha pili cha nne kwa sita. Sebule, jiko bila makabati, choo cha wageni. Vigae, madirisha ya aluminiamu. Fensi moja na mpangaji mwingine mmoja. Mwenye nyumba haishi hapo. Luku yako. Dawasa siku mbili kwa wiki, simtanki lita 1,000 lako peke yako. Kodi 200,000, kuanzia miezi sita, haipungui. Dalali mwezi mmoja, unalipa ukishasaini. Kuiona ni bure."

Walipiga watu tisa, wakaja watatu, wa tatu akalipa siku hiyohiyo.

Ikishachukuliwa, rudi kila ulipoweka ukaandike IMEPATA MTU. Madalali wenzangu wengi wanaiacha ibaki ili simu ziendelee kuita, wampeleke mteja kwenye nyumba nyingine. Mimi nafuta, lakini picha zikishaingia kwenye makundi hazina mwenyewe tena. Wiki iliyopita kijana kanipigia anaiulizia nyumba hiyo ya Makabe, kodi laki mbili, anasema ameiona jana. Sasa kila picha, kabla haijatoka kwenye simu yangu, naiandikia mwezi na mwaka kwa herufi nyekundu katikati kabisa, mahali ambapo hawawezi kuzikata.